Maswali ya Wasomaji: Kwa Baiskeli Katika Mashamba ya Mizabibu ya Ufaransa

SWALI: Kwako Mhariri wa ukurasa huu. Mimi na mke wangu tunaishi Lang'ata, na sote tumevuka umri wa miaka hamsini. Mwakani tunakusudia kwenda Ufaransa kwa juma moja, tuendeshe baiskeli polepole katika mashamba ya mizabibu na kuvitazama vijiji vya kale. Kijana wetu ametupangia ratiba inayoanzia Alsace, ipite Burgundy na kuishia Bordeaux. Je, ratiba hii inatufaa sisi ambao baiskeli tunaipanda Jumapili tu, tena katika msitu wa Karura? – Baba wa Watatu, Lang'ata

JIBU: Ndugu Baba wa Watatu, umri wenu hauna tatizo, ratiba ndiyo yenye tatizo. Alsace iko mpakani na Ujerumani, ilhali Bordeaux iko upande wa pili wa nchi, karibu na bahari ya Atlantiki, na anayetaka kuyaunganisha maeneo hayo kwa juma moja atakaa zaidi katika stesheni za treni kuliko juu ya baiskeli. Mshukuruni kijana kwa bidii yake, kisha mchague eneo moja, na ndani ya eneo hilo mji mmoja wa kulala, ili mwe mnatoka asubuhi bila mizigo na kurudi jioni. Kwa safari ya kwanza ningechagua Burgundy, na mji ningechagua Beaune.

Nasema hivyo kwanza kwa sababu ya umbali. Kusini mwa Beaune ipo njia ya baiskeli iitwayo Voie des Vignes, yenye urefu wa kilomita 22 hivi hadi kijiji cha Santenay, nayo hupitia Pommard, Volnay, Meursault, Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Vijiji hivi vimekaribiana sana, na mara nyingi hujakiacha kimoja ila mnara wa kanisa la kingine umekwisha kuonekana. Njia yenyewe kwa sehemu kubwa ni vijia ambavyo wakulima huvitumia kwa kazi zao, kwa hiyo mtakutana na matrekta ya miguu mirefu, yaliyoundwa yapite juu ya safu ya mizabibu huku magurudumu yakiwa pande zake mbili. Trekta hupishwa, maana dereva wake yuko kazini na sisi tumekuja kutembea. Vilima vipo, hasa karibu na Volnay, lakini watu wa Nairobi, wanaoishi mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, hawatakosa pumzi katika mji ulio mita mia mbili na kitu. Kitakachowachosha ni kiti cha baiskeli. Ongezeni basi siku moja ya katikati ya juma kwenye Jumapili zenu za Karura, ili mwili uzoee kukaa juu ya kiti siku zinazofuatana. Mkifika Santenay mkahisi imetosha, fuateni njia iliyo kando ya mfereji wa Canal du Centre hadi mji mdogo wa Chagny, mkapande treni ya mkoa iwarudishe Beaune. Treni hizo huchukua baiskeli.

Sababu ya pili ndiyo hasa iliyonifanya nipapende mahali hapo. Anayeendesha baiskeli polepole huko huusoma mlima kwa macho yake. Mizabibu imepandwa kwenye mteremko mrefu unaotazama mashariki, na ubora wa mvinyo hupangwa kwa jinsi shamba lilivyokaa kwenye mteremko huo: bondeni, ambako udongo ni mzito na maji hutuama, hutoka mvinyo wa kawaida unaouzwa kwa jina la mkoa, ukipanda kidogo unaingia mashamba yanayobeba jina la kijiji, na katikati ya mteremko, ambako udongo ni mwembamba wenye chokaa, maji hupita upesi na jua la asubuhi hupiga vizuri, ndiko yaliko mashamba ya daraja za juu. Shamba la Montrachet, ambalo mvinyo wake mweupe ni miongoni mwa ile ya bei kubwa kabisa duniani, lina hekta nane tu, tena zimegawanyika kati ya vijiji viwili vya Puligny na Chassagne. Mtu anayepita kwa gari hauoni mpaka kati ya shamba hilo na jirani yake wa bei nafuu. Wa baiskeli anauona, kwa kuwa ameusikia mwinuko magotini.

Mipaka hiyo ni ya kale. Watawa wa Cîteaux, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka 1098, ndio waliolizungushia ukuta shamba la Clos de Vougeot, lililoko kaskazini mwa Beaune kwenye njia ya kwenda Dijon. Mwaka 1395 mtawala wa Burgundy, Philippe le Hardi, aliamuru mzabibu wa aina ya Gamay ung'olewe, kwa kuwa ulizaa sana lakini mvinyo wake aliuona duni, na akaitetea Pinot, ambayo hadi leo ndiyo zabibu ya mvinyo mwekundu wa pale. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa mashamba ya watawa yaliuzwa, na sheria ya urithi iliyowapa watoto wote sehemu ikayakatakata, jambo ambalo msomaji yeyote mwenye shamba la babu kule Kiambu atalielewa bila kufafanuliwa. Clos de Vougeot lina hekta 50 hivi na wenye mali wapatao 80 ndani ya ukuta mmoja. Ndiyo maana chupa mbili zenye jina moja la shamba huweza kutofautiana sana, na ndiyo maana jina la mtengenezaji husomwa kwanza. Mwaka 2015 UNESCO iliuingiza mgawanyo huu wa mashamba katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Beaune kwenyewe msiende haraka. Hospitali ya kale, Hôtel-Dieu, ilianzishwa mwaka 1443 na Nicolas Rolin, waziri mkuu wa mtawala wa Burgundy, pamoja na mkewe Guigone de Salins, ili kuwahudumia maskini baada ya miaka ya vita na njaa. Paa lake la vigae vya rangi ndilo linalopigwa picha zaidi, lakini mimi ningewaelekeza kwenye ukumbi wa wagonjwa wenye safu mbili za vitanda, kisha kwenye mchoro wa Hukumu ya Mwisho wa Rogier van der Weyden, uliochorwa kwa ajili ya wagonjwa hao. Wagonjwa walitibiwa katika majengo hayo hadi mwaka 1971. Hospitali ilirithishwa mashamba ya mizabibu na wafadhili wake kwa karne nyingi, na tangu mwaka 1859 mvinyo wake huuzwa kwa mnada, ambao siku hizi hufanyika Jumapili ya tatu ya Novemba. Wakati huo vyumba vya wageni huwa haba, na baridi si ya mtu wa baiskeli.

Nendeni Mei, Juni au Septemba. Septemba ina mavuno, ingawa tarehe hazitabiriki kama zamani: kumbukumbu za mavuno za Beaune zinarudi hadi mwaka 1354, na watafiti waliozichambua wameona kwamba tangu mwaka 1988 zabibu huvunwa kwa wastani wa siku 13 mapema kuliko karne zilizotangulia, kwa sababu ya joto. Agosti ni jua kali, na watengenezaji wengi wako likizoni. Kumbukeni pia kwamba vijijini maduka hufungwa mchana, kwa kawaida kati ya saa sita na saa nane, na Jumapili alasiri hamtapata hata mkate. Nunueni chakula asubuhi. Ziara ya kuonja mvinyo kwa mtengenezaji huombwa mapema, nanyi si lazima mmeze: chombo cha kutemea huwekwa mezani, na wataalamu wenyewe hukitumia.

Maeneo mengine yatawangoja. Alsace ina vijiji vinavyopendeza macho kupita vyote, kama Riquewihr na Eguisheim, na Kaysersberg, alikozaliwa mwaka 1875 Albert Schweitzer, yule daktari wa Lambaréné nchini Gabon. Bonde la Loire ni tambarare, na njia yake ya baiskeli ya kilomita 900 hivi itamfaa mwenye majuma mengi. Saint-Émilion, karibu na Bordeaux, ina kanisa lililochongwa ndani ya mwamba, lakini barabara za Bordeaux ni ndefu zaidi kati ya kituo na kituo.

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni Mwislamu na pombe sinywi. Wenzangu kazini wananialika katika safari ya namna hii huko Burgundy, nami navipenda vijiji vya kale na baiskeli. Je, nitakuwa kikwazo kwao, na nitakula nini? – Msomaji wa South C

JIBU: Wa alaikum salaam. Hutakuwa kikwazo. Wenzako wakiingia kuonja, wewe waweza kuzunguka kijiji, kwa kuwa makanisa, visima na ua za mawe viko wazi kwa kila mpita njia, na baadhi ya watengenezaji huuza juisi ya zabibu zao. Zaidi ya hapo, kusini zaidi ipo njia ya Givry hadi Cluny, kilomita 44 juu ya reli ya zamani, iliyofunguliwa mwaka 1997 na kuwa ya kwanza ya aina yake Ufaransa. Cluny ilikuwa na nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 910, na kanisa lake lilikuwa kubwa kuliko yote ya Wakristo hadi lilipojengwa lile la Mtakatifu Petro mjini Roma. Sasa limebaki kipande kidogo tu, maana mawe mengi yalibomolewa na kuuzwa baada ya Mapinduzi.

Chakula ndicho cha kuangaliwa, tena kwa makini kuliko glasi. Mapishi ya Burgundy hutumia mvinyo ndani ya sufuria: bœuf bourguignon ni nyama ya ng'ombe iliyochemshwa katika mvinyo mwekundu, coq au vin ni kuku wa namna hiyo hiyo, na hata mayai yaitwayo œufs en meurette huogeshwa mchuzi wa mvinyo wenye vipande vya nguruwe. Jibini ya Époisses huoshwa kwa pombe kali ya makapi ya zabibu, na haradali nyingine ya eneo hilo hutiwa mvinyo mweupe. Ulizia kabla ya kuagiza, hakuna atakayekasirika. Samaki wa kuchoma, mboga, kimanda cha mayai, mkate na jibini za kawaida utavipata kwa urahisi, na duka la nyama halali ulitafute katika mji mkubwa kama Dijon, si vijijini. Mkate wa viungo na asali wa Dijon nakusihi uuonje, hasa ukiwa na chai.

SWALI: Je, nibebe baiskeli yangu kutoka Nairobi, na sheria za barabarani za Ufaransa zikoje kwa mwendesha baiskeli? – Mwalimu, Kasarani

JIBU: Mwalimu, iache nyumbani, ukodi huko. Wakodishaji watakuuliza urefu wako kwa sentimita; waombe pia mkoba wa pembeni, pampu, mpira wa ndani wa akiba na kufuli. Ukipenda baiskeli ya umeme usione haya, ila ujue kwamba injini yake huacha kukusaidia ukifikia kilomita 25 kwa saa.

Sheria iliyo ngumu kwetu ni ya kupita upande wa kulia. Hatari yake haiko mjini kwenye magari mengi, ambako utawafuata wenzako. Iko kwenye kijia kitupu baada ya chakula cha mchana, unapoondoka na mwili ukajielekeza kushoto kwa mazoea ya Thika Road. Kwenye mzunguko wa barabara unageukia kulia, na penye makutano yasiyo na alama anayetoka kulia kwako ndiye anayepishwa. Vipaza sauti vya masikioni vimepigwa marufuku, kofia ya usalama ni lazima kwa walio chini ya umri wa miaka 12, na usiku nje ya miji lazima uvae kizibao kinachong'aa. Kiwango cha pombe kisichoruhusiwa, gramu 0.5 kwa lita moja ya damu, kinamhusu wa baiskeli sawa na wa gari, kwa hiyo anayeijua Alcoblow ya nyumbani, kile kipimo cha pombe cha polisi barabarani, asidhani kwamba ameiacha uwanjani Jomo Kenyatta.

Viza ni ya Schengen. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na kwa kawaida si chini ya siku 15, na bima ya matibabu lazima iwe ya angalau yuro 30,000. Kabla ya kuilipia bima hiyo, hakikisha kwa maandishi kwamba inagharimia ajali ya baiskeli.