Kuhusu enzaimu na yai kutobolewa

Ndugu, umeuliza kama enzaimu za kichwani mwa mbegu ya kiume ndo zinatoboa yai zenyewe tu, hapana, usiandike hivyo kwenye mtihani. Hayaluronidesi, mojawapo ya enzaimu hizo, inalegeza ule ute unaoshikilia seli zilizolizunguka yai, halafu akrosini, enzaimu nyingine ya mbegu, inasaidia kwenye ganda linalofunika yai, ila panya walioondolewa jeni ya akrosini bado walizaa, kwa hiyo mkia nao unasukuma sana tu. Kitu wengi wanasahau, na mi naona ndo kitamu zaidi, yai nalo lina enzaimu yake, ovastasini, mbegu ya kwanza ikishaungana na yai, enzaimu hiyo inamwagwa nje inakata protini ya ZP2 kwenye ganda, basi mbegu zingine hazishiki tena. Anza kusoma hapo.