Fedha au wito? Jibu langu limo kwenye daftari la kitalu

Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza wasomaji ni nini hasa kinachomsukuma mtu kufanya kazi kwa bidii, fedha au wito. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka 31, na nilipolisoma swali hilo jibu langu lilikuwa tayari: ni wito, na fedha ikiusogelea huuharibu. Mniwie radhi, lakini nitajibu swali lililo jirani na hilo, yaani ni nini kinachoizima hamu ya kazi ambayo tayari ilikuwapo, kwa sababu hilo nimelishuhudia kwa macho yangu na sehemu yake niliifanya kwa mikono yangu.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu wa darasa la tano katika shule moja ya Muheza. Nyuma ya madarasa tulikuwa na kitalu cha mikangazi na mitiki, viriba 400, na hakuna mtoto aliyelazimishwa kukitunza. Walikuja wenyewe kabla ya kengele ya mstari, wakateka maji mtoni kwa ndoo na kunyunyizia kwa makopo ya rangi waliyoyatoboa kwa msumari. Kila mmoja alikuwa na safu yake, ameiwekea kitambaa ili isichanganyike na ya mwenzake. Binti mmoja aliipa miche yake majina ya bibi na shangazi zake, na kila asubuhi aliiamkia mmoja baada ya mwingine, shikamoo kwa kila kiriba, ndipo aimwagilie.

Kisha ukaja mradi mmoja wa mazingira na habari njema: kila mche utakaokutwa hai mwisho wa mwezi utalipiwa shilingi 10, na mimi ndiye nitakayetunza daftari. Nilikubali kwa moyo mweupe. Mwezi wa kwanza kitalu kilijaa watoto, hata wa madarasa mengine. Mwezi wa pili nikaanza kusuluhisha kesi. Huyu ameng'oa mche wa mwenzake alfajiri na kuupachika kwenye kiriba chake ambacho mche wake ulikwishakufa; wale wanaonekana siku ya kuhesabu tu; na mvua iliponyesha usiku kucha, mtoto mmoja aliniuliza, naye hakuwa na mzaha, kama asubuhi ile isiyohitaji kumwagilia itaandikwa. Shikamoo za yule binti zilikoma. Sasa alipita kwenye safu yake akihesabu kwa kidole.

Mwezi wa nne malipo hayakuja, na watu wa mradi hawakuonekana tena. Jua lilikuwa kali na vuli ilikuwa bado. "Mwalimu, bado tunalipwa?" waliniuliza mstarini, nami nikawajibu kwamba hapana. Kesho yake walikuja sita. Vuli ilipofika, miche iliyokuwa hai ilikuwa 61.

Kwa miaka mingi kisa hiki kilikuwa hoja yangu dhidi ya fedha, na nilipokwenda kusomea stashahada nilifarijika kukuta wanasaikolojia waliokwisha kuliona jambo lenyewe. Mwaka 1973 Mark Lepper na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika shule ya awali ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kwa watoto ambao tayari walipenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti chenye utepe likichora. Kundi la pili lilipewa cheti hicho hicho bila kuahidiwa. La tatu halikupewa kitu. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani pasipo ahadi yoyote, waliokuwa wameahidiwa walichora kwa takribani nusu tu ya muda wa wenzao. Edward Deci na Richard Ryan, ambao wameitafiti hamu ya kutoka moyoni kwa miaka mingi, wanaeleza kwamba jambo zito si zawadi yenyewe bali ujumbe wake: ikimwambia mtu kwamba ameiweza kazi, hamu hukua, ikimwambia kwamba anaongozwa kwa kamba, hamu hunyauka. Daftari langu lilikuwa kamba.

Hapo ndipo nilipokusudia kuishia. Lakini daftari hilo ninalo hadi leo, na kabla ya kufunga barua nimeinuka kulitoa sandukuni, nikasoma majina ya wale sita. Wawili walikuwa watoto wa walimu, mmoja wa mwenye duka, mmoja wa tabibu wa zahanati, na wawili wa mkulima mwenye michungwa mingi. Ada ya shule ya msingi ilikuwa bado haijafutwa, na katika hao sita hakuna aliyewahi kurudishwa nyumbani kwa kudaiwa ada. Ukurasa huo huo una jina la mvulana aliyekuwa akiishi na bibi yake. Malipo yake ya kwanza aliyaleta moja kwa moja ofisini kupunguza deni la ada, sarafu zimefungwa kwenye pembe ya kitambaa. Malipo yalipokatika, asubuhi zake alizipeleka kwenye kupakia machungwa kwenye malori. Nilimwandikia alama ya X, ile ile niliyomwandikia yule binti, ambaye kwao hawakupungukiwa na kitu, na miaka yote hii nimewahesabu wote wawili kuwa waliharibiwa na fedha.

Mwanasaikolojia Abraham Maslow, ambaye kila aliyepita chuo cha ualimu anamfahamu kwa ile piramidi ya mahitaji ya binadamu, aliandika mwaka 1943 kwamba mwenye njaa kali hana nafasi ya kuwaza kingine. Aliongeza pia kwamba mpangilio wake si mgumu kama unavyodhaniwa. Frederick Herzberg na wenzake, waliowahoji wahandisi na wahasibu wa Pittsburgh na kuchapisha matokeo mwaka 1959, waliuweka mshahara zaidi katika mambo ambayo yakipungua humvunja mtu moyo, ingawa yakiwapo peke yake hayamtii ari. Sisi walimu hatukuhitaji utafiti kulijua hilo. Tumekumbushwa kwamba ualimu ni wito hasa katika miezi ambayo mshahara umechelewa.

Basi mkinilazimisha kuchagua neno moja, andikeni fedha, ingawa nilianza barua hii upande wa pili. Lakini nakusudia fedha inayotosha, inayofika kwa tarehe yake, na isiyohesabiwa kiriba kwa kiriba. Na jibu hili nalitoa kwa ajili ya yule mvulana. Kwa yule binti bado nasita. Malipo yalipokoma nilimwomba mimi mwenyewe arudi kitaluni, naye akaja asubuhi mbili, akamwagilia safu nzima, asimwamkie hata shangazi mmoja.