Kichwa cha njano, kichwa chekundu: kobe ni yuleyule

Mkuu, umesema kobe wako wa miguu myekundu ana kichwa cha njano na wa mshkaji wako kichwa ni chekundu kabisa, sasa unahisi umepigwa. Hujapigwa bana, hao ni spishi moja ila asili tofauti. Hawa jamaa porini wanapatikana kuanzia Panama, wakaenda Colombia, Venezuela, mpaka Brazil, Bolivia na Paraguay, eneo kubwa mno, lazima rangi zipishane.

Wa huko kaskazini wengi vichwa vyao ni njano au chungwa, gamba la tumboni limepauka na lina weusi katikati. Wale wa mashariki mwa Brazil ndo wafugaji wanawaita cherihedi, vichwa vyekundu, gamba limeiva weusi, tumboni madoadoa yamechanganyikana, na kwa kawaida ni wadogo kidogo. Hilo jina ni la biashara tu, sio la kisayansi, kwahiyo usimlipe mtu hela ya ziada kisa kichwa chekundu tu, mgeuze polepole uangalie tumboni kwanza. Halafu wakifugwa wanachanganywa sana, kuna machotara kibao ambao hata muuzaji hajui asili yao.

Ila hakikisha sio wa miguu ya njano, huyo ni spishi nyingine kabisa. Angalia juu ya pua, huyo ana vigamba viwili virefu, wako vitakuwa vifupi na nyuma yake kuna kimoja kikubwa. Piga picha za kichwa na tumbo utume tuone.