Uliza Mama Misitu: Tepu ya mteremkoni

SWALI: Mama, shikamoo. Nimesomea misitu Morogoro, na kiangazi hiki nimepata kibarua cha kuorodhesha mimea milimani, magharibi mwa Virginia, Marekani. Mteremko ni mkali, mwamba wa sheli (mwamba laini wa matabaka ya udongo ulioganda) umevunjika vigae vigae, na juu yake kuna mialoni mifupi na misonobari. Kiongozi wetu anatulazimisha kupima ukali wa mteremko kwanza, halafu tunarefusha tepu ya kupimia. Kisha tunapiga magoti juani mahali ambapo mimi naona vigae vitupu. Hii ni kazi au ni adhabu?
Mgeni wa Milimani

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ni kazi, na huyo kiongozi anaijua.

Ukubwa wa ploti, yaani kipande cha ardhi mnachopima na kuhesabu mimea yake, huhesabiwa kwa mlalo, kama inavyoonekana kwenye ramani. Kwenye mteremko wa nyuzi 35, tepu ya mita 20 iliyolazwa ardhini inakupa mita 16 na kitu tu za ramani. Ploti ya 20 kwa 20 imeshapungua karibu moja ya tano, na fomu bado inasema mita za mraba 400! Halafu wenzako wa bondeni walete takwimu zao, na nyote mtangaze kwamba mlimani miti ni michache. Kwa nyuzi hizo, upande unaopanda uvute mita 24 na sentimita 40. Unaokatiza mlima uache 20. Wapo wanaoshika tepu hewani na kushusha timazi. Kwenye vichaka vya mialoni hiyo mimi siwaonei wivu.

Kipenyo cha mti nacho pima ukiwa upande wa juu wa mteremko. Huko Marekani hupimwa kwenye kimo cha mita 1.37 kutoka ardhini, si 1.3 tuliyofundishwa sisi.

Sasa hivyo vigae vitupu. Mteremko unaotazama kusini hupigwa jua mchana kutwa, na uso wa sheli nyeusi unaweza kuzidi nyuzi 50 za selsiasi. Mche wa mti huungulia hapohapo kabla mzizi haujafika penye unyevu. Ndiyo maana kivuli ni haba, na ndiyo maana mimea midogo isiyotaka kivuli imejipatia makao: Eriogonum allenii yenye maua ya manjano, na Trifolium virginicum, aina ya klova inayotambaa. Yupo na Boechera serotina, anayeota Virginia na West Virginia peke yake, na tangu 1989 yumo kwenye orodha ya serikali kuu ya Marekani ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Huanza kama kishada cha majani kilichojibana ardhini katikati ya vigae, na ukisimama wima humwoni. Baadaye hutoa bua jembamba lenye maua meupe madogo, na kufikia hapo majani ya chini mara nyingi yameshanyauka. Akishazaa mbegu, anakufa. Anayetafuta maua tu atamkosa yule ambaye zamu yake haijafika. Kwa hiyo piga magoti, lakini ingia ploti kutoka pembeni. Buti moja likiteleza huburuta vigae na vyote vilivyojishikiza humo.

Hesabu miche ya misonobari pia. Matunda ya Pinus pungens mengi hubaki yamefungwa kwa utomvu mpaka joto la moto liyafungue. Ukiona wazee wa aina hiyo wamesimama na chini yao hakuna watoto, ila miche ya Acer rubrum, mti wa majani mapana, imejaa, iandike hivyo hivyo. Moto ulizimwa huko kwa miongo mingi, na takwimu zako zitaonyesha.

Mwisho, msifuatane mstari mmoja mkipanda, maana jiwe la wa juu humshukia wa chini. Usitie mkono chini ya mwamba usioona ndani yake, kwani nyoka aina ya Crotalus horridus hupenda hapo. Na fomu ijaze mteremkoni, siyo garini jioni.