Jibu: Fleti ya Michenzani kwa kilemba cha milioni 16 – usitoe hiyo pesa Ijumaa

Usitoe. Kabla hujasoma mengine, mpigie huyo dalali umwambie Ijumaa haipo tena.

Nimesoma uzi wako mara mbili. Fleti ghorofa ya tatu Michenzani, mjini Unguja, kilemba (pesa ya kupishwa ukae) milioni 16, nusu Ijumaa na nusu ukikabidhiwa funguo, anayeipisha ni "mtoto wa mwenyewe", karatasi itaandikwa mbele ya sheha, yaani kiongozi wa Serikali wa mtaa. Halafu unatuuliza maji yanapanda au hayapandi, majirani wakoje, upige rangi kabla ya kuhamia au baada, na kama ni kweli wakaazi wa kule wanadharauliwa. Ndugu yangu, unauliza rangi na hujauliza nyumba ni ya nani! Jina la nani limo kwenye faili la Shirika la Nyumba? Hilo hukuliandika popote, na waliokujibu huko juu wote wameng'ang'ania mambo ya tangi na ndoo.

Mimi maneno hayo niliambiwa mwaka 2016, moja baada ya jingine, kwa mpangilio huohuo.

Mimi ni mwalimu wa skuli, kwetu Wete. Baba alipofariki tuligawana mikarafuu kwa sharia mbele ya Kadhi. Kaka zangu mafungu mawili mawili, sisi wanawake fungu moja moja, kila mti ukajulikana wa nani. Fungu langu nikalihudumia misimu kadhaa bila kugusa hata senti. Bei ya Serikali ilikuwa shilingi 14,000 kwa kilo ya karafuu kavu, na karafuu mbichi ikishakauka inabaki kama thuluthi tu ya uzito wake. Kwa hiyo ukinitajia milioni 14, mimi sioni noti. Naona kilo elfu moja juu ya majamvi, naona wachumaji juu ya matawi, naona mama yangu anakimbia kuzianua wingu likijikusanya. Milioni 14 ndizo nilizotoa kilemba cha fleti ya ghorofa ya nne.

Dalali nilipewa na shoga yangu wa kazini. Mtu mzima, kanzu safi, kila neno lake linatanguliwa na Wallahi. Nataka nimseme, kwa sababu naamini wako ni ndugu yake kama si yeye mwenyewe. Nilipomuuliza hati, akanambia ardhi yote ya Zanzibar ni ya Serikali tangu Mapinduzi, kwa hiyo hakuna mwenye hati, sote tumepanga tu, atakayekaa ndiye mwenye nyumba. Tazama ubaya wa maneno haya: nusu yake ni kweli. Ardhi ni ya umma, na Sheria ya Umiliki wa Ardhi ya 1992 inampa mtu haki ya kuitumia. Lakini haki hiyo ina jina la mtu, ina karatasi na ina taratibu za kuihamisha. Yeye alichukua kipande cha ukweli akakifungia uongo ndani yake, kama anayefunga nyama iliyooza kwa jani bichi la mgomba.

Nikamwambia basi twende Shirika la Nyumba tukaangalie. Shirika lile limeundwa kwa sheria ya 2014, na moja ya kazi zake ni kuzisimamia nyumba za Serikali kama hizo. Akanizuia kwa upole: "Mwalimu, kule mafaili yamechanganyika. Ukienda utawaamsha waliolala, fleti wampe mtu mwengine." Akanitajia pia kwamba kuna sheria mpya ya 2010 inayomruhusu kila mtu kumiliki fleti yake. Sheria ya Kondominio ya 2010 ipo kweli, inaruhusu jengo moja la pamoja kuwa na hati mbalimbali kwa kila sehemu. Sheria kuwepo ni jambo moja, ile fleti kuwa imeandikishwa kwa sheria hiyo ni jambo jengine kabisa. Sikuuliza la pili. Mtu akikutajia mwaka wa sheria unaona huyu anajua.

Anayeipisha naye alikuwa na hadithi nzuri, na ya kweli. Baba yake alikuwa na nyumba ya udongo mtaa wa Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Karume ikaanza kujenga majumba ya maendeleo kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, Kikwajuni na Kilimani, kisha haya makubwa ya Michenzani. Nyumba za watu zikavunjwa kupisha, wananchi wakajitolea kubeba mchanga na mawe, na waliovunjiwa wakapewa fleti. Baba yake alikuwa mmoja wao. Alinionesha picha ya mzee amekaa roshani na kofia yake ya kiua. Nikaamini kila kitu. Na hapo ndipo nilipoanguka, kwa sababu hadithi ile ilikuwa ya baba. Aliyepewa fleti ni baba. Mbele yangu alikaa mtoto, na baba ameshakufa tangu 2011.

Mimi niliyetoka kugawana mikarafuu mti kwa mti, nikashindwa kuuliza: marehemu ameacha wangapi?

Aliacha mke na watoto saba.

Karatasi tuliandika mbele ya sheha, kama utakavyoandika wewe. Usimlaumu sheha. Muhuri wake unashuhudia kwamba mtu A na mtu B wamefika mbele yake wakakubaliana. Haushuhudii kwamba A alikuwa na cha kutoa. Na hicho kilemba chenyewe, kifahamu vizuri: ni pesa ya kumwambia mtu nipishe nikae mimi. Si pesa ya kununua. Mtu asiyekuwa na haki ya kukaa hana cha kukupisha, hata ungempa milioni mia.

Nikahamia. Choo kilikuwa kinavuja kwa jirani wa chini, mabomba yameliwa na kutu, dari ya jikoni zege limebanduka hadi nondo zinaonekana. Nikatia milioni tatu na nusu. Ndani nilikuta kitanda cha samadari, kizito, cha zamani, na sanduku la mbao lenye njumu. Yule bwana akasema hivyo ni vikorokoro vya wazee, nivitoe. Nikaita mahamali wawili wakakishusha kitanda ngazi zote zile kwa vipande, kikachukuliwa na muuza vitu vya kale. Sanduku nikaliweka ukumbini kwa sababu lilikuwa zuri.

Mwezi wa saba tangu nihamie, alasiri, mlango ukagongwa. Kabla ya kugongwa nilisikia ufunguo unahangaika kwenye kitasa, maana kitasa nilikibadilisha. Nikafungua. Bibi wa miaka sabini na kitu, baibui, mkoba wa safari, anahema kwa ngazi. Akanitazama kwa makini, kisha akatazama namba ya mlango, kisha akanitazama tena. Akaniuliza taratibu: "Mwanangu, we nani?"

Alikuwa mjane wa marehemu. Alikwenda Dar es Salaam kwa binti yake kutibiwa macho, akakaa karibu mwaka mzima. Mtoto wa kambo ndiye aliyeachiwa funguo amwagilie maua.

Nilimkalisha nikampa maji. Akaliona sanduku lake ukumbini akafurahi kidogo. Halafu akaingia chumbani, akatoka, akaniuliza kitanda kiko wapi. Kile kitanda alikaa fungate juu yake. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Pesa naweza kuihesabu: kilemba milioni 14, ukarabati milioni tatu na nusu, ujira wa dalali laki saba, jumla milioni 18 na laki mbili. Kitanda kile sikihesabu kwa sababu sijui nianzie wapi. Nilizunguka kwa wauza vitu vya kale kuanzia Darajani mpaka ndani kabisa ya Mji Mkongwe, wiki tatu, nikiulizia miguu ya samadari yenye alama aliyonieleza yule bibi. Hakikupatikana.

Ndugu saba wakakusanyika. Wengine walikuwa na adabu, wengine walinitukana mwizi. Nikaenda kwa wakili, akaisoma karatasi yangu ya sheha dakika mbili akanambia: "Hii inathibitisha kwamba ulimpa huyu bwana pesa. Mdai yeye. Kwenye nyumba huna kitu." Kumdai mtu asiyekuwa na kitu unakujua. Nikarudishiwa milioni nne kwa vipande vipande, kisha akahamia bara. Dalali akabadilisha namba ya simu. Nilimwona mara moja Darajani, kanzu safi ileile, nikamwita kwa jina mbele za watu. Alivuka barabara mbio kuliko daladala. Akivuka tena nitamwita tena.

Nilitoka baada ya miezi kumi na minne. Yule bibi ndiye aliyeniombea kwa wanawe nisitolewe siku ileile. Tulikaa naye pamoja miezi saba ya mwisho, yeye chumba kimoja, mimi na wanangu chumba kimoja, na ndiye aliyewafundisha wanangu kusoma Juzuu Amma. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema watu wa Michenzani wakorofi, huyo hajapanda zile ngazi.

Na kwa kuwa umegusia dharau. Nadhani chimbuko lake ni uwani. Nyumba yetu ya Kiswahili ina uwani nyuma, mwanamke anapika, anaanika, anakaa na wenziwe bila kuonwa. Majumba yale yalichorwa na Wajerumani, uwani hawakuujua. Wazee wengi waliyapenda kwa macho tu, miguu haikutaka. Walizoea kutoka mlangoni ukakanyaga udongo. Wanawake wa Michenzani wakatengeneza uwani wao wenyewe: roshani ndiyo jiko la mkaa na kamba ya nguo, ngazi ndiyo baraza ya kusukana. Mpita njia akiwa chini karibu na ule mnara wa miaka 50 ya Mapinduzi anaona nguo zimeanikwa na kuta zimekwajuka, anasema kuchafu. Hajui kwamba mwezi wa Ramadhani mlango wangu ulikuwa haupitishi siku bila bakuli la jirani. Sahani zangu mwenyewe sikuzijua tena, zote zilikuwa zimeshatembea jengo zima. Akifa mtu ghorofa ya juu, vijana wa ngazi zote wanatoka bila kuitwa, kwa sababu kulishusha jeneza kwenye zile kona si kazi ya watu wanne.

Maji yanategemea umeme wa kuyasukuma na jengo lenyewe, uliza wa ngazi yako. Majirani zangu walinihadithia ule wakati umeme ulipokatika Unguja nzima kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu, ndoo zinapanda kichwani asubuhi na jioni. Ghorofa ya tatu utavumilia. Maji si tatizo lako.

Tatizo lako ni hili jina. Nakuomba uniwie radhi nikirudia: JINA LA KWENYE FAILI. Kamwambie dalali akupe namba ya jengo na namba ya fleti, basi, asikupe kingine chochote. Jumatatu asubuhi nenda mwenyewe Shirika la Nyumba, kwa miguu yako, bila yeye, bila "mtu wake wa ndani". Uliza fleti hiyo imeandikwa kwa nani, na utaratibu wa kuihamisha kwa mtu mwengine ni upi. Kama aliyeandikwa yu hai, umwone yeye kwa macho yako. Kama ameshakufa, unataka karatasi ya mirathi na unataka kuwaona warithi wote, si mmoja, si wawili. Ukiambiwa mmoja yuko Oman, apigiwe simu ya video mbele ya wenziwe. Ukiambiwa kuna bibi kasafiri kutibiwa, rudi nyumbani na pesa yako.

Halafu kabla hujatoka mle ndani ya fleti siku ya kwenda kuiangalia, fungua chumba cha kulala utazame. Kama kuna kitanda cha mtu, uliza ni cha nani na yuko wapi.

Dalali akikwambia kuna mteja mwengine anasubiri na pesa mkononi, mwache ampe. Nami niliambiwa yupo. Ukishalipata hilo jina, liulize mtaani kwanza kabla hujarudi kwake. Mimi niko hapa kila usiku baada ya Isha.