Kuifunga programu iliyoganda kwa amri

Ndugu yetu wa Wete, umeeleza kwamba programu ya hesabu za duka lako imeganda kwenye kompyuta ya Linux, haifungiki kwa kipanya, na umeshauriwa uandike kill -9, amri ya kuikata programu kwa nguvu, mara moja. Nakusihi usianze na hiyo.

Kwanza, kwenye dirisha la amri (terminal), andika pgrep -l ikifuatiwa na jina la programu, upate namba ya mchakato wake (yaani programu hiyo inavyoendeshwa sasa), kisha andika kill na namba hiyo, kwa mfano kill 2310. Amri hii, isipoongezewa kitu, hupeleka ishara namba 15, ambayo ni ombi: programu hupewa nafasi ya kuhifadhi kazi, kufunga mafaili na kuondoka kwa utaratibu. Ishara namba 9, ile ya kill -9, haiifikii programu yenyewe hata kidogo, kwa kuwa kiini cha mfumo ndicho kinachoikata papo hapo, na faili lililokuwa likiandikwa laweza kubaki nusu. Kwa daftari la madeni ya wateja, hasara hiyo ni kubwa mno. Subiri kidogo, uangalie tena, na ikiwa bado ipo ndipo utumie kill -9 na namba ile ile ya mchakato.

Jihadhari pia na killall, kwani hufunga kila mchakato wako wenye jina hilo, hata ulio mzima. Na ukiandika ps aux, inayoorodhesha michakato yote, ukaona herufi D kwenye safu ya STAT (hali ya mchakato) katika mstari wa programu hiyo, hata 9 haitafaa kwa wakati huo, maana mchakato unasubiri diski au kifaa kijibu. Chunguza flashi uliyoichomeka au waya wa diski ya nje.