Modi za uhalisia za Silent Hunter III: ipi iwe msingi, na zisakinishwe vipi?

Swali: Nina Silent Hunter III, mchezo wa kompyuta wa nyambizi za Ujerumani za Vita vya Pili vya Dunia, na nataka doria zangu za Atlantiki zifanane na zile za kweli. Nimepakua modi kadhaa, yaani faili za wachezaji za kuubadilisha mchezo: GWX, NYGM, mbili za sauti na moja ya bahari, nikazinakili zote ndani ya folda ya mchezo. Sasa mchezo unafika katikati ya kupakia kisha unajifunga wenyewe. Je, kuna modi iliyoharibika? Na kati ya hizo, ipi yenye uhalisia zaidi?

Jibu: Huenda faili zako zote ni nzima. Kosa ni kuziweka GWX na NYGM pamoja. Hizo si nyongeza ndogo. Kila moja ni modi kuu inayoandika upya karibu mchezo mzima: meli, ratiba za misafara, usikivu wa manowari za ulinzi, namna meli inavyoumia na kuzama. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Uliponakili ya pili juu ya ya kwanza, faili zenye majina yanayofanana zilifutika, zisizofanana zikabaki. Hapo ratiba ya misafara ya modi moja inaweza kuita meli ambayo folda ya meli, iitwayo Sea, haina, na mchezo ukiikosa unaanguka palepale.

Kwa hiyo chagua moja. GWX 3.0 ina upana: bandari, ndege, meli za kila aina, na mwongozo mnene unaostahili kusomwa wote. NYGM nguvu yake iko kwenye maji yanayoingia ndani ya meli. Unaipiga topido, haizami. Inapunguza mwendo, inainama kidogo kidogo, na unaweza kukaa saa kadhaa gizani ukijiuliza kama utumie topido ya pili au usubiri. Mimi naipenda sana hali hiyo ya kusubiri, lakini kwa anayeanza nashauri GWX, kwa sababu imekamilika na maelezo yake yanajitosheleza.

Ila kabla ya modi yoyote, fungua ukurasa wa uhalisia wa mchezo wenyewe. Wengi wanauruka, na ndiko uhalisia ulikolala. Washa ukomo wa betri, hewa na mafuta. Nyambizi ya aina ya VIIC ilikwenda noti 7.6 tu (maili za baharini kwa saa) chini ya maji, na kwa mwendo huo betri iliisha upesi. Kwa noti 4 ilifika karibu maili 80 za baharini. Ukilijua hilo utaacha kuukimbiza msafara ukiwa umezama. Washa pia topido zenye hitilafu. Mwezi wa Aprili 1940, kwenye pwani ya Norwei, manahodha wa Ujerumani walirusha topido nyingi ambazo zilipita chini ya meli, zililipuka mapema au hazikulipuka kabisa. Mchezaji anayekasirika kwa topido iliyogoma yuko karibu na ukweli kuliko anavyodhani.

Chaguo zito kuliko yote ni kuzima michoro ya meli kwenye ramani na kulenga kwa mkono. Ramani ya kawaida inakuonyesha mahali hasa ilipo kila meli iliyogunduliwa, kitu ambacho hakuna nahodha wa 1941 aliyekuwa nacho. Yeye alikuwa na mwelekeo wa sauti kutoka kwenye haidrofoni (chombo cha kusikiliza chini ya maji), kitabu cha maumbo ya meli, saa na penseli. Jifunze hesabu hii moja kwanza: simamisha nyambizi, elekeza periskopu mbele ya meli, kisha hesabu sekunde tangu pua yake iguse mstari wa wima hadi tezi ipite. Meli ya mita 130 ikitumia sekunde 30, inakwenda mita 4.3 kwa sekunde, yaani noti 8 na kidogo. Urefu wa meli unaupata kitabuni. Siku topido yako ya kwanza ya namna hii itakapopiga, hutatamani tena ramani ya zamani.

Sasa usakinishaji. Ondoa mchezo wote, futa mabaki ya folda yake, na ihamishe folda ya SH3 (Silent Hunter III) iliyo ndani ya Documents, maana humo ndimo zinamokaa safari zako za zamani na hazitaelewana na modi mpya. Sakinisha mchezo upya nje ya Program Files. Windows huilinda sana folda hiyo, na mabadiliko yako yanaweza kuelekezwa kwingine bila wewe kujua. Hakikisha una toleo 1.4b. Endesha mchezo kidogo bila modi yoyote, kisha tengeneza nakala ya folda nzima na uiweke pembeni. Nakala hiyo itakuokoa siku nyingi za kazi.

GWX ina kisakinishi chake. Modi nyingine zote ziwashe kwa JSGME, programu ndogo ya kuwasha na kuzima modi, kamwe usinakili kwa mkono. Yenyewe huhifadhi faili za awali kabla ya kuweka mpya, na hukuonya modi mbili zinapogusa faili moja. Angalia ndani ya folda MODS: ukifungua folda ya modi lazima uione folda iitwayo data moja kwa moja. Ukikuta folda nyingine yenye jina lilelile katikati, JSGME itasema imewashwa na mchezo hautabadilika chochote. Ukitaka kuondoa modi, anza na ile uliyoiwasha mwisho.

Modi za sauti, chagua moja. Ya bahari iweke mwisho, baada ya kucheza doria nzima bila tatizo. Na kila badiliko lifanyike ukiwa bandarini. Mimi nilishawahi kuzima modi moja nikiwa katikati ya bahari. Safari ile haikufunguka tena, na ilikuwa ya miezi. Vilevile hifadhi mchezo ukiwa juu ya maji, mbali na meli nyingine, hasa ukitumia GWX.

Kama unatumia SH3 Commander, programu ya pembeni ya kuanzishia mchezo, kumbuka kwamba hubadilisha faili kila unapoanza na kuzirudisha unapotoka. Mchezo ukianguka, faili hubaki zimebadilika. Zirudishe kwanza ndani ya Commander, ndipo uifungue JSGME.

Jambo la mwisho ni kumbukumbu ya kompyuta. Mchezo huu ni programu ya biti 32, na kwa kawaida hutumia gigabaiti 2 tu hata kama kompyuta yako ina 16. Modi kuu huzijaza haraka. Kipo kiraka kidogo cha kuuruhusu ufike 4. Kitumie baada ya kutengeneza nakala ya faili ya exe.

Ukikwama tena, niandikie orodha ya modi kwa mpangilio ulioziwasha (JSGME inaweza kuitoa yenyewe), tarehe ya ndani ya mchezo na bandari uliyotokea. Mchezo ukianguka kila mara katika tarehe ileile, tutaanza kuchunguza faili za misafara.